Mpingo na wanamuziki: kwa nini tukaguliwe sisi?

Klarineti Lang'ata: Naleta mada hii nikiwa na uchungu wa miaka. Mwaka 2018 nilisafiri na okestra ya vijana. Katika uwanja mmoja wa ndege huko Ulaya afisa akafungua mkoba wangu, akaitoa klarineti, akauliza ni ya mti gani. Nikajibu kwa fahari: mpingo, mti wa kwetu Afrika Mashariki. Nilikalishwa saa tatu nikidaiwa kibali, na wenzangu wakapanda jukwaani bila mimi. Tangu CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, iingize karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, kwenye Kiambatisho cha Pili, Januari 2017, mpiga muziki amekuwa mshukiwa. Waliomaliza mpingo wa Ukambani ni wachongaji wa vinyago vya watalii, si sisi. Je, ala iliyokwisha kutengenezwa ina haja gani ya kukaguliwa?

Binti Mchongaji: Hapo kwenye vinyago umenigusa pabaya. Baba yangu amekaa Gikomba zaidi ya miaka thelathini, tezo mkononi, vumbi la mti kifuani. Karo yangu ilitoka kwa twiga na vifaru aliowachonga. Unaandika "waliomaliza" kana kwamba walivamia msitu usiku. Kazi hiyo ililetwa Wamunyo na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na imelisha Ukambani miaka mia. Makaa hayakumaliza miti? Mashamba je? Na mpingo ulipoadimika, wachongaji ndio waliohama. Pita karakana za Gikomba leo utakuta mwarobaini na jakaranda. Nyinyi wa klarineti mmehamia wapi?

Mwalimu wa Kwaya: Tusahihishane kabla hatujatoana macho. Kiambatisho cha Pili si marufuku, ni biashara kwa kibali. Na hata mwaka huo wa 2017, mzigo usio wa biashara wenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 ulisamehewa. Klarineti haifiki kilo moja. Aliyekukosea ni yule afisa. Halafu mkutano wa Geneva, Agosti 2019, uliziondoa kabisa ala zilizokamilika pamoja na sehemu zake, kuanzia Novemba mwaka huo. Swali lako lilishajibiwa.

Klarineti Lang'ata: Dada, sikumtusi mzee wako. Umeuliza tumehamia wapi: Buffet Crampon, kampuni ya Ufaransa ya ala za kupulizia, wanatengeneza klarineti iitwayo Greenline, ya unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni. Unga ambao ungetupwa. Kwa hiyo tumejaribu.

Binti Mchongaji: Unga huo umetoka wapi kama si kwenye magogo mliyokata? Acha nikueleze jambo nililolijua nikiwa mtoto, nikikaa chini ya benchi la baba. Mti wa mpingo haunyooki. Umejikunja, una nyufa, una mafundo. Fundi wa klarineti anataka kipande kilichonyooka, kisicho na doa wala ufa, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Mchongaji hufanya kinyume. Baba akikuta tawi limepinda, anaona shingo ya korongo. Kila kona ya mti ina kazi kwake. Sasa nani mharibifu?

Benga Damu: Lakini si hata Gibson, wale watengenezaji wa gitaa, walifungwa jela Marekani kwa sababu ya huu mpingo wetu? Polisi waliingia kiwandani na bunduki, nakumbuka.

Mwalimu wa Kwaya: Hakufungwa mtu. Walivamiwa 2009 na tena 2011. Ile ya kwanza ilihusu abunusi ya Madagaska, si mpingo wa huku. Mwaka 2012 wakakubali kulipa adhabu ya dola 300,000, yakaisha.

Benga Damu: Sawa mwalimu. Hata Fender, kampuni nyingine ya gitaa, waliacha mbao ya rosewood, ndugu wa mpingo, mwaka 2017 kwenye gitaa za Mexico wakaweka mbao nyingine iitwayo pau ferro, na watu wakalalamika kwamba sauti imebadilika. Mimi nimezipiga zote mbili, kidole changu hakikuona tofauti.

Shangazi wa Khayega: Nyinyi mnalilia klarineti, na mwenzenu nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Ngoma ya isukuti, ile ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na tunaziita baba, mama na mtoto. Kwa mila ngozi yake ni ya kenge. Kenge naye yuko kwenye Kiambatisho hicho hicho cha Pili, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 haitaki ushike ngozi yake bila kibali. Dunia inaniambia linda ngoma, na inaniambia usiiguse ngozi. Nimtii nani?

Kijana wa Karura: Shangazi, kwa heshima, kenge afe ili harusi ichangamke? Tuweke ngozi ya mbuzi, tuendelee na maisha.

Shangazi wa Khayega: Mwanangu, hujawahi kusimama kwenye matanga usiku ukasikia "mtoto" akiitikia "baba". Ngozi ya kenge ni nyembamba na kavu, inalia juu. Ya mbuzi tunaitumia, ndiyo, tumeizoea kwa kulazimika, lakini asubuhi ya umande inalegea na mpigaji anaanza kutafuta moto wa kuikausha. Sikusema kenge wauawe. Nimesema hakuna aliyekuja kijijini kutuuliza.

Kijana wa Karura: Nimekuelewa. Nilijibu haraka. Samahani.

Benga Damu: Mada ilikuwa mbao, jamani. Kilwa, Tanzania, kuna vijiji vilivyopata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, kwa msitu wao mwaka 2009, na vinauza mpingo vyenyewe. Mti ukiwa na mwenyewe, haukatwi ovyo. Mbona Kitui hatujafanya?

Binti Mchongaji: Sawa, wauze. Lakini unauzwa kama vipande vilivyopasuliwa, unaenda Ulaya, unarudi klarineti ambayo mtoto wa Korogocho hawezi kuinunua hata baba yake akiuza kila kitu. Kukereza mti hatukuwezi? Gikomba kuna watu wanakereza vyano na miguu ya meza kutwa nzima.

Klarineti Lang'ata: Mguu wa meza si klarineti. Tundu la ndani likikosea unene wa unywele, noti zote zinapotoka. Lakini kuna ile sehemu fupi ya juu tunayoiita pipa, chini tu ya mdomo wa kupulizia. Yangu ina ufa. Hiyo inaweza kukerezwa na fundi mwenye mkono mtulivu. Sijui kama mpingo mkavu bado unapatikana mjini.

Binti Mchongaji: Baba ana kipande kimoja chini ya kitanda. Amekihifadhi tangu kabla sijazaliwa, kimekauka mpaka ukikigonga kinalia kama chuma. Watalii wamekitaka, amekataa.

Klarineti Lang'ata: Muulize, tafadhali. Nitalipa bei atakayotaja.

Binti Mchongaji: Nimempigia sasa hivi. Hakutaja bei. Amesema uje Jumamosi na hiyo klarineti, uipulize mbele yake kwanza, ndipo aseme kama mti wake utaingia humo. Na lile neno "waliomaliza" uliache huko huko Lang'ata.