Gari linalala karibu mwaka mzima: Uyole, Tukuyu, yadi ya mjini au kwa shemeji Iringa?

Mwana_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tisa naenda masomoni nje, narudi mwezi wa nane mwakani Mungu akipenda. Gari ni IST la petroli, otomatiki, halinisumbui na kuuza sitaki. Sehemu za kuliacha ninazo nne. Nyumbani Uyole, Mbeya, kuna banda la bati lisilo na kuta, na mdogo wangu anaishi pale ila hajui kuendesha. Kwa mzee Tukuyu kuna stoo inayofungwa kwa kufuli, wanaweka mahindi humo. Mjini kuna yadi ya kulipia kwa mwezi, uwanja wazi, ukuta na mlinzi. Halafu kuna shemeji yangu Iringa, anasema atalitumia kidogo kidogo lisilale. Nyie mngechagua ipi?

Msafiri_wa_Kitonga
Kamwene! Mpe shemeji, maliza. Iringa mvua si nyingi kama huko kwenu, na gari linalotembea kila wiki halisumbui betri, breki wala tairi.

Spana_14
Mkuu wa Kitonga, hiyo "kidogo kidogo" ya shemeji unaijua? Wiki hii kanisani, wiki ijayo msibani Mafinga, Krismasi limebeba watu saba kwenda Njombe. Na faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari, kwa hiyo deni utalikuta linakusubiri wewe. Kiufundi uko sahihi, gari linalotembea vizuri halizeeki ovyo. Ila huyo shemeji awe na leseni, awe na pesa ya sevisi, na awe mtu unayeweza kumdai bila ukoo mzima kuitwa kikao.

Binti_Rungwe
Tukuyu ondoa kwenye orodha, kaka. Mimi ni wa huku. Mvua zetu hazifuati ile kalenda ya Mbeya mjini ya Novemba hadi Aprili, huku mawingu yanakaa tu. Stoo iliyofungwa unyevu wake hauna pa kutokea: viti vinaota ukungu, mikanda inanuka, diski za breki zinashika kutu. Na umesema kuna mahindi? Basi kuna panya. Panya akishaonja wayaringi hasikii la mtu. Halafu hata ukitaka kuliweka nje, usiliegeshe chini ya mparachichi, utakuja kulipia kupiga boneti rangi.

Mwana_Uyole
Duh. Mimi stoo ndiyo nilikuwa naiona bora kuliko zote kwa sababu ina kufuli.

Spana_14
Kufuli linazuia mwizi, unyevu haliuzuii. Banda lako la Uyole linapitisha hewa na bati linazuia jua na mvua, mimi naliweka juu ya stoo na juu ya yadi pia. Yadi nyingi zina tabia moja: wanataka ufunguo ubaki, maana magari yanasogezwa kupisha mengine. Ukiacha ufunguo na betri ikiwa imeunganishwa, hujui nani anakaa ndani anasikiliza redio. Ukichomoa betri, watalisukuma. Na uwanja wazi maana yake vumbi la kiangazi, kisha mvua, kisha jua linapasua dashibodi na tairi.

Sasa ukichagua Uyole, kazi iko kwenye maandalizi. Badilisha oili kabla ya kuondoka, si ukirudi. Oili iliyotumika ina asidi na majimaji, na ukiiacha inakaa inakula ndani ya injini. Kama kwenye rejeta una maji ya bomba, mwaga, weka kulanti. Osha gari hadi chini, likauke kabisa. Tairi ongeza upepo kidogo kuliko kawaida, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukipata stendi nne imara, linyanyue kabisa. Hendibreki usivute. Breki za dramu zikikaa na unyevu miezi mingi zinagandamana, na utakuja kugonga nyundo. Weka gia ya P na, kama hukulinyanyua, zuia magurudumu kwa mawe.

Mwalimu_Forest
Naongezea: mdogo wake aliwashe kila Jumamosi dakika kumi, lipate moto.

Spana_14
Mwalimu, samahani, hapo nakupinga. Dakika kumi za Juni asubuhi pale Uyole injini haijapata moto wa maana. Petroli ikiungua inatoa maji, ndiyo yale matone unayoyaona kwenye bomba la moshi. Injini isipochemka vizuri, maji yanabaki kwenye bomba na mengine yanaingia kwenye oili. Betri nayo imetoa nguvu nyingi kuwasha, na kwa kuunguruma palepale haijarudishiwa zote. Ama liendeshwe nusu saa nzima, mpaka Inyala na kurudi, ama lisiwashwe kabisa. Dogo haendeshi, kwa hiyo lilale.

Mwalimu_Forest
Nimekuelewa, fundi. Na betri je?

Spana_14
Anza kuchomoa waya wa hasi. Baridi yetu hapa inasaidia, betri inajimaliza polepole kuliko Kyela kwenye joto. Lakini isiachwe mwaka mzima. Dogo aipeleke kwa fundi betri kila baada ya miezi miwili au mitatu ichajiwe. Ikijaa inasoma kama volti 12.6; ikishuka chini ya 12.4 ni ya kupeleka. Betri iliyokaa tupu miezi mingi mara nyingi haifufuki.

Msafiri_wa_Kitonga
Tenki lijazwe au lisijazwe? Hapa ndipo watu hugombana.

Binti_Rungwe
Lijazwe, tenki tupu linatoa jasho ndani.

Spana_14
Kwa kitabu, lijazwe. Ila kwenye banda lisilo na kuta, tenki lililojaa ni mwaliko wa mtu mwenye mpira na dumu. Na petroli ikikaa karibu mwaka inachoka, ina harufu yake. Mimi ningeacha nusu, akirudi aongeze mpya juu yake.

Mwalimu_Forest
Bima usisahau. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, sasa inakatwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari lililolala halikudai. Ila bima ndogo haikulipi likiibiwa au likiungua. Bima kubwa inalipa, ukizingatia masharti ya mkataba wako. Na kadi ya gari isibaki ndani ya gari.

Mwana_Uyole
Nimeamua Uyole. Swali la mwisho: redio ni ya Kijapani, nikichomoa betri si itadai neno la siri?

Spana_14
Baadhi zinadai, ulizia kwa aliyekuuzia kabla hujachomoa. Alamu na rimoti havitafanya kazi, fungua kwa ufunguo wa kawaida. Bomba la moshi na njia ya hewa ya injini ziba kwa stilwaya ya kusugulia sufuria, panya haipendi, kisha andika karatasi ubandike kwenye usukani kwamba kuna stilwaya sehemu hizo mbili. Funika kwa kitambaa kinachopumua, turubai la nailoni hapana. Ukirudi usikimbilie kuwasha: toa stilwaya, rudisha betri, angalia oili, kulanti na upepo, kanyaga breki mara kadhaa, ndipo uwashe. Mwanzoni diski zitakwaruza kwa kutu, zikitembea kidogo zinasafishika. Zisipoacha, usiteremke mlima wowote, niite.