Msako wa wageni Kisumu: kijana wangu wa chapati ni Mganda, nifanyeje?

kondele_chapati
Wadau naombeni msaada, tangu jumatano sijalala vizuri. Niko na kibanda cha chakula hapa Kondele na kijana anayenipikia chapo ametoka Busia ya upande wa Uganda, ni Msamia, mamake alizaliwa huku kwetu Funyula. Miaka miwili tuko na yeye na sijawahi kosa hata shilingi kumi. Sasa makarao wakapita usiku wakasema ni msako wa usalama, nchi iko na tishio, wageni wote watoe kipande, kijana akatoa cha Uganda wakamtupa kwa lori. Asubuhi nafika naambiwa nilete elfu tano ama anaandikiwa kesi ya ugaidi. Ugaidi! Mtoto anaamka saa kumi kukanda unga. Nilitoa elfu tatu ndio nilikuwa nayo, wakamuachilia bila kuandika jina lake popote, na mpaka saa hii roho inaniuma kwamba nililipa. Mganda si anaruhusiwa kuingia na kipande tu? Na wakirudi? Sitaki kumfukuza na sitaki pia kuvunja sheria.

mzee_wa_malaba
Pole sana mama. Nimefanya kazi ya kupitisha mizigo hapa boda miaka mingi, hii naijua. Kipande kinaruhusiwa, Kenya Uganda na Rwanda zilikubaliana na ikaanza 2014. Lakini hicho kipande ni cha kuonyesha dirishani, bado lazima upite uhamiaji uandikwe, ndio upewe ruhusa ya kukaa, mtu wa Afrika Mashariki anaweza pata mpaka miezi sita. Watu wetu wanaona lile jengo la Busia, lile la uhamiaji wa pamoja wa Kenya na Uganda lililofunguliwa 2018, wanafikiria ni la malori. Huyo kijana alipitia wapi?

kondele_chapati
Njia ya panya mzee. Hapo Sofia na boda. Kila mtu hupita hapo, hata mimi nikienda kwa shemeji.

mzee_wa_malaba
Basi kosa liko, nisikudanganye. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inasema kukaa nchini bila ruhusa ni faini mpaka 500,000 ama jela mpaka miaka 3 ama zote mbili. Lakini hilo ni kosa la uhamiaji, ugaidi ni sheria ingine kabisa, na anayekuchanganyia hizo mbili anataka uogope utoe pesa haraka. Katiba kifungu cha 49 inasema aliyeshikwa afikishwe kotini ndani ya masaa 24, na inasema aliyeshikwa, haikusema Mkenya. Ingine, ruhusa ya kuingia sio ruhusa ya kuajiriwa. Kazi ya kupita siku 90 inataka kibali cha kazi hata kwa wa Afrika Mashariki, na wewe mwajiri unaweza shtakiwa pia.

macho_manne_ksm
Mimi naongea kama mtu aliyezika binamu aliyeuawa kwa shambulio la chuo kikuu cha Garissa 2015. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi. Kwa hivyo mkiniambia msako ni kusumbua watu nashindwa kusikia. Mtu amepita njia ya panya usiku utajuaje ni wa chapati ama ni nani? Huko Uganda kwenyewe Kampala ililipuliwa 2021, na 2023 waasi wa ADF wakaingia shule Mpondwe wakaua watoto zaidi ya 30. Boda iachwe wazi hivyo tu?

ateso_amagoro
Pole sana kwa binamu yako kaka, hiyo siku hatutaisahau. Sisi Wateso tuko huku na tuko Tororo, mto Malaba uko katikati na matanga tunavuka, kwa hivyo boda naiwaza kila siku. Lakini kumbuka April 2014 maelfu walishikwa Eastleigh, Nairobi, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa, na mwaka mmoja baadaye ndio Garissa. Na mmoja wa wale wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya, amesomea sheria chuo kikuu cha Nairobi, babake chifu huko Mandera, na huyo baba alikuwa amepiga ripoti mtoto amepotea. Mmoja wa walioshambulia hoteli ya Dusit Nairobi 2019 naye, kijana wa Kenya, alikuwa amepanga nyumba Muchatha na majirani wanamuona. Kipande chao kingepita kwa kila msako. Wa kusaidia alikuwa yule mzazi aliyeripoti, kama habari yake ingefuatwa.

Na sasa angalia hii ya mama. Wamemshika mgeni usiku wakisema ni hatari kwa nchi, asubuhi wamechukua elfu tatu wakamuachilia, hakuna jina limeandikwa, hakuna mtu amepiga simu uhamiaji. Kama kweli angekuwa mbaya, si ameenda hivyo? Hiyo ndiyo inaniogopesha mimi kuliko njia ya panya.

macho_manne_ksm
Hapo kwa kutoandikwa jina umenishika, sina jibu. Bado nasema njia za panya zilindwe, lakini hiyo elfu tatu ni kuuza usalama wetu. Mama ripoti IPOA, wale wanaochunguza makosa ya polisi, andika tarehe, saa na namba ya lori kabla usahau.

kondele_chapati
Asanteni wote, na wewe wa binamu pole, sikujua. Nimeandika kila kitu, namba ya lori nilikuwa nayo kwa simu. Jana nilimsindikiza kijana mpaka Busia akarudi kwao. Uhamiaji hapa Kisumu nimeuliza, wameniambia nianze na barua ya kazi na leseni yangu ya biashara, leo binti yangu ananiandikia hiyo barua. Kijana atakaa kwa mamake mpaka kibali kitoke, akirudi apitie kwa lile jengo aandikwe. Kila jumamosi nitakuwa namtumia pesa ya sabuni.