Nimempata shoga yangu wa 2001, yuko Ukunda, Kenya. Amana ya mama yake tuliiuza, nimkabili vipi?

mwana_wa_wete

Assalaam alaykum. Mie kwetu Wete, naomba ushauri wenu jamani maana usingizi sipati.

Nlikuwa na shoga yangu tumesoma pamoja tokea darasa la kwanza, nyumba yao na yetu zimegusana, tukipika kwao nala kwao wakipika kwetu anakula kwetu. Ikaja Januari 2001, yale ya tarehe 26 na 27, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, siye watu wa Pemba tunayajua. Wao wakaondoka usiku na dau wakavukia Shimoni, Kenya, walivuka watu zaidi ya 2,000 wakati ule. Baada ya muafaka wa Oktoba wa CCM na CUF wengi wakarudi, wao hawakurudi na habari zao zikapotea kabisa, simu siku hizo nani alokuwa nayo.

Usiku ule mama yake alimkabidhi mama yangu kikoba kidogo cha kitambaa cha leso, kakishona kwa mkono wake, ndani mna pauni mbili za dhahabu, zile sarafu. Kamwambia niwekee, nikirudi ntachukua. Mama kaziweka miaka minane. 2009 baba akaumwa, tukaambiwa apelekwe Dar, ndani hamna kitu, mama akaziuza laki sita huku analia. Baba hakupona. Mama nae kafariki mwaka juzi, na siku zake za mwisho akinambia zile pauni ni deni, zile pauni ni deni. Kikoba nnacho mie.

Sasa mwezi uliopita kwenye grupu la wasapu la tulosoma pamoja kaingizwa mtu, kutazama picha ni yeye! Yuko Ukunda, kaolewa, ana watoto wanne, mama yake kafia huko huko. Tukapigiana simu tukalia tu. Mie nnakwenda Mombasa kununua leso na madera ya biashara, na ashanambia lazima nishukie kwake. Amana hajaitaja na mie sijaitaja. Kaka yangu anasema nyamaza, mambo ya zaidi ya miaka ishirini hayo. Nna laki sita nimeziweka. Nimwambie kabla sijaenda au nikifika? Au nimpe tu kama zawadi?

bint_chake

Pole shoga. Kama zawadi usimpe. Atakushukuru, atakuombea dua, na weye utakaa pale unajua kuwa unamrejeshea mali yake mwenyewe. Utakula chakula chake kitakushuka kweli? Mwambie kabla hujapanda boti.

babu_gando

Mwanangu, kaka yako kakosea. Suratun Nisaa aya ya 58 tumeamrishwa amana zirudi kwa wenyewe, haikusema zikipita miaka kadhaa basi. Na hiyo laki sita ni bei ya 2009, usihesabu shilingi hesabu dhahabu. Pauni moja ni gramu nane kasoro kidogo, karati 22, kwa hiyo unadaiwa kama gramu 16. Nenda kwa sonara akwambie bei ya leo, laki sita hainunui hata pauni moja. Sikutishi, nakwambia ujue mzigo ulivyo kabla hujaenda kuutaja. Kisha kaa na shekhe wa hapo mtaani.

mpemba_wa_mkoani

Babu kasema kweli ila kuna jambo limesahauliwa. Mwenye amana ni mama yake, na kafariki, kwa hiyo hiyo ni mirathi. Shoga yako ana ndugu? Akikusamehe yeye kasamehe fungu lake tu, la wenzake bado. Na la kwenu pia, deni ni la marehemu mama yako, lilipwe kwenye alichoacha kabla hamjagawana. Kama mlishagawana basi kaka yako nae yumo, asijitoe.

nipo_diani

Mie nakaa huku. Boti ya Mkoani mpaka Tanga, gari mpaka Horohoro, ukigonga muhuri Lungalunga panda matatu ya Likoni ushukie Ukunda, Mombasa utakwenda siku ya pili. Beba na kadi ya homa ya manjano huwa wanaiulizia. Na usimbebee karafuu hata kidogo, ni magendo hayo. Halua ya Wete inatosha, siye wa huku tunaililia.

mwana_wa_wete

Ahsanteni sana. La mirathi sikulijua, nlimsomea kaka yangu kama lilivyo akanyamaza muda mrefu. Tuligawana shamba la mikarafuu, ameridhia mavuno ya msimu huu yatoe pauni moja, ya pili nnailipa mie kidogo kidogo.

Jana usiku nimempigia. Nimemwambia yote, dawa za baba, laki sita, maneno ya mama. Hakusema kitu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha kanambia wako ndugu watatu, atawaeleza mwenyewe, hawezi kunijibia kwa niaba yao. Nikasema sawa. Akaniuliza, kile kikoba kipo? Nikamwambia kipo. Akalia, kasema hana hata kitambaa cha mama yake, walotoka nacho vyote viliingia maji kwenye dau.

Boti yangu Jumamosi. Kikoba nimekifunga ndani ya mkoba wa mkononi, kwenye begi sikitii.