Zima sauti uone: filamu ya kutisha inatisha kwa nini?

Baba Chumbageni:
Jumamosi usiku nilikuwa kibanda umiza kimoja huku Ngamiani, Tanga. Inaonyeshwa Halloween, ile ya 1978, jamaa wa kinyago cheupe na kisu. Ukumbi kimya, wavulana wa benchi la mbele wamepandisha miguu juu kama kuna nyoka chini. Mara spika ikakata. Picha inaendelea, jamaa bado anamnyemelea yule binti, ila sauti hakuna. Dakika haikuisha, watu wanacheka. Mmoja akasema, "Huyo si muuaji, huyo fundi bomba kapotea nyumba."

Basi naweka hoja, mwenye kupinga apinge: kinachotisha kwenye filamu ni sauti. Picha inafuata tu. John Carpenter, aliyeitengeneza hiyo Halloween, aliionyesha kwa dada mmoja bosi wa studio kabla haijatiwa muziki, na dada hakutishika hata kidogo. Ikabidi Carpenter akae mwenyewe kwenye kinanda. Hitchcock naye, mwaka 1960, alitaka mauaji ya bafuni kwenye Psycho yapite bila muziki. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, akaandika tu, fidla hizi hizi tunazozijua za taarabu, ila zake zinapiga mayowe. Hitchcock aliposikia akabadili mawazo. Damu yenyewe ilikuwa shira ya chokoleti! Filamu nyeusi na nyeupe, nani angejua?

Kwangu mimi kiboko yao ni The Exorcist ya 1973. Sauti ya yule shetani aliyempanda mtoto ni ya mama mmoja mwigizaji, Mercedes McCambridge, aliyemeza mayai mabichi na kuvuta sigara ili koo likwaruze. Fumba macho usikilize, halafu uje uniambie.

DJ Makorora:
Shikamoo mzee. Mimi natafsiri filamu, na hapo umenigusa. Sauti ya Wazungu naishusha, naweka yangu, na watu wanatetemeka vilevile. Kazi hii ipo tangu enzi za Lufufu, yule mkongwe wa kutafsiri filamu. Nikisema "Mama yangu, usiufungue huo mlango!" ukumbi mzima unaitikia "Usifungue!" Hofu inataka msimulizi. Bibi zetu walitutisha kwa hadithi za mazimwi, na spika hawakuwa nazo.

Baba Chumbageni:
Marahaba mwanangu. Ila ukumbi ukiitikia hakuna anayeogopa tena, hapo mnaimba. Na bibi yako alipokuwa anashusha sauti mpaka unamsogelea kumsikia, kile kilikuwa nini kama si sauti?

Binti wa Mabawa:
Baba yangu, hiyo The Exorcist nimeiangalia na dada zangu, tumecheka mpaka chai ikamwagika. Mtoto anaongea kwa sauti ya kiume? Mtaani kwetu hilo ni jambo la Alhamisi jioni. Shetani wa huku akipanda kichwani anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Anataja kitambaa chekundu, marashi, chano cha halua, mnaelewana, maisha yanaendelea. Wale mapadri wawili wanapiga kelele na maji yao ya baraka, mimi najiuliza mbona hakuna anayemuuliza mgeni kilichomleta. Mtu unayeweza kupatana naye hakutishi kiasi hicho.

Iliyonitisha mimi ni Shumileta ya Mussa Banzi, ya hapahapa nchini. Picha hafifu, muziki wa kuunga, mzee angeidharau. Lakini jini mwenyewe ni mwanamke mzuri aliyempenda mwanamume. Nilipotoka kwa shangazi usiku ule, nikapishana na dada kajitanda, ananukia udi. Harufu ya harusi zote nilizowahi kwenda. Nilikimbia, viatu mkononi! Yale ya kwenye nyumba kubwa za Marekani yanabaki kwenye runinga. Huyu wa udi namwona kila siku, na sina namna ya kujua.

Kijana wa Raskazone:
Nyote mnazungumzia kilichopo. Kinachotisha ni kisichoonekana. Jaws, 1975: papa alikuwa wa mashine, wakampeleka kwenye maji ya chumvi, akaharibika kila mara. Mwongozaji, Spielberg, kwa kukosa papa akapiga picha za maji, mapipa ya njano, miguu ya watu inavyoning'inia. Zaidi ya saa nzima inapita ndipo unamwona samaki vizuri. Angekuwa mzima tangu mwanzo tungemzoea. Mimi nimezaliwa na bahari mlangoni, na baada ya filamu ile sikuvuka maji ya kiunoni kwa mwezi.

Asiyeamini aende mapango ya Amboni, amwambie anayemtembeza azime tochi. Hakuna DJ wala jini mrembo. Giza tu, na mbawa za popo.

Baba Chumbageni:
Mbawa umeziona, au umezisikia?

Kijana wa Raskazone:
Hapo umenishika mzee. Lakini papa wangu simwachii.

Mwalimu wa Pongwe:
Samahani nawakatisha. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, tuna Bodi ya Filamu inayopanga madaraja ya umri, na bado Jumatatu nina watoto wanaosinzia darasani kwa sababu usiku waliogopa kulala. Mwenye kibanda anapokea pesa mlangoni, hatazami urefu wa anayetoa. Ninyi watu wazima mnabishana fidla na papa. Baba Chumbageni, wale wavulana wa benchi la mbele, waliopandisha miguu, walikuwa na umri gani?

DJ Makorora:
Mwalimu, tukiwazuia watoto vibanda vitafungwa, nakwambia kweli.

Mwalimu wa Pongwe:
Sikukuuliza wewe, mwanangu.

Baba Chumbageni:
Mwalimu, mmoja wao ni wangu. Ana miaka 11. Alinifuata, nikaona aibu kumrudisha peke yake usiku, nikamlipia. Spika ilipokata alicheka kuliko wote, nikajua yamekwisha. Saa nane za usiku nikamkuta kakaa kitandani, taa inawaka. Nikamuuliza, ni ule muziki? Akasema muziki haukumsumbua, kwa sababu ukianza unajua jamaa anakuja. Kinachomkosesha usingizi ni kile kipande cha kimya, "maana pale alikuwa anatembea, baba, na hatukumsikia."

Binti wa Mabawa, naomba usicheke. Taa bado inawaka mpaka leo, na umeme nalipa mimi.