Chakula kilichokushangaza ulipoingia Uganda: tupeane uzoefu

Mtanga_Wandegeya: Jana mgeni wangu katoka Tanga, nikampeleka kibandani, akaagiza wali maharage. Sahani ikaja na wali, matoke, posho, kiazi kitamu na kipande cha boga, maharage kwenye bakuli lake. Akagoma kugusa, akijua atalipishwa kila kimoja. Nilimwelewa kabisa, mwaka wangu wa kwanza nililala njaa kwa hofu hiyohiyo. Huku unalipia mchuzi tu, vilivyobaki vinakuja navyo. Nyie mlikutana na nini?

Fundi_Bomba: Posho. Wiki ya kwanza kazini tukaambiwa saa sita kuna posho. Sikuwa na nauli ya kurudi, nimeshaipigia hesabu. Nikapewa ugali. Niliula nikiwa nalengwa na machozi.

BintiKariakoo: Mimi nsenene, wale panzi wa kuliwa, hapana. Novemba wanasimamisha mabati juu ya mapipa, taa kali usiku kucha, asubuhi wadudu wanauzwa kwa kikombe kwenye foleni ya magari.

Mwana_Kashozi: Wadudu? Bukoba senene ni heshima. Wewe pweza ana miguu minane unamla na pilipili, nani kakusema?

BintiKariakoo: Pweza ni wa baharini, usichanganye mambo.

Mama_Wawili: Naomba niandike hili, limenikaa kifuani. Mwanangu wa miaka sita karanga zinamdhuru. Tulialikwa Gulu, kwa watu wema sana. Nikauliza kama mboga ina karanga, mwenyeji akasema hapana, ni malakwang, majani tu. Hakunidanganya. Kwake karanga ni zile za kutafuna; ile iliyosagwa inaitwa odii, na bila odii majani yale machachu hayaliki. Mtoto kala matonge mawili. Kaanza kujikuna shingo, midomo ikavimba, sauti ikawa kama ya mtu aliyebanwa mlango. Nikampakata kwenye boda, dereva hakuuliza hata bei. Zahanati ya kwanza imefungwa. Ya pili muuguzi alimwona tu, akamchoma sindano ya pajani kabla sijamaliza kueleza. Tulikaa pale mpaka usiku. Mwenyeji alikuja na kandambili zisizofanana, analia kuliko mimi.

Fundi_Bomba: Pole sana mama. Yuko salama?

Mama_Wawili: Mzima, namshukuru Mungu. Ila kila mwaliko sasa natetemeka.

Mzee_Mutukula: Mzoeshe kidogo kidogo, mwili utakubali.

Nesi_Mbale: Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo usimshauri mtu akajaribu nyumbani. Hufanywa na daktari, sindano ikiwa karibu. Dada, ukiwa Buganda uliza "Mulimu ebinyeebwa?", yaani mna karanga humu, na uliza kwa mpishi mwenyewe. Wanaweka kwenye samaki mkavu, kwenye nyama, hata mahali hudhanii.

Mpita_Njia: Au aende na kontena lake la wali.

Mama_Wawili: Nilibeba, wakwe wakanuna mwezi mzima.

Mtanga_Wandegeya: Bora wanune.

Mwana_Kashozi: Kweli. Binti, Novemba napita Masaka, nakuletea kikombe kimoja, zimekaangwa na kitunguu.

BintiKariakoo: Lete. Mbawa zikiwepo narudisha.