Maji ya kunywa dago yanaota utelezi wa kijani, nisaidieni

Mvuvi wa Kivinje

Assalaam aleikum wadau. Natoka Kilwa Kivinje. Tukienda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi visiwani, tunakaa hata wiki nzima, watu wanane kwenye mashua ya injini. Maji tunabeba kwenye madumu ya lita 20, yale meupe yaliyokuwa na mafuta ya kula, na tunayapanga tezi, nyuma ya chombo, pamoja na petroli kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Yakitoka bombani hayana neno. Siku ya tatu ukipitisha kidole ndani ya shingo ya dumu unakuta ute, mabegani pamekuwa kijani, na chai inanuka plastiki. Vijana wanayakimbia, wanakunywa kidogo mno na jua lote lile, hilo ndilo linalonitia hofu. Visima vya huko vina chumvi. Klorini naiogopa, si tutakunywa maji yanayonuka dawa ya kufulia?

Baharia mstaafu, Unguja

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimekuwa mpishi wa majahazi ya mizigo na maji ya mabaharia yalikuwa dhamana yangu, basi nisikilize.

Kwanza yatoe hayo madumu kwenye petroli leo hii. Plastiki hupitisha mvuke wa mafuta hata kifuniko kikiwa kimekazwa. Yapeleke omo, mbele ya chombo, juu ya mbao, yasiguse maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo.

Huo ukijani ni mwani, na mwani unataka mwanga. Dumu jeupe linapitisha jua. Tafuta la bluu au jeusi, au livishe gunia. Gunia ukililowesha na upepo ukalipiga, maji yanapoa, na kijana akipewa maji ya baridi hatasubiri kubembelezwa anywe.

Kuosha ndiko watu wanakokosea. Usijazie maji mapya juu ya mabaki. Mwaga yote, tia gao la mchele, sabuni na maji kidogo, kisha tikisa huku unalipindua kichwa chini, mchele upite mabegani na ndani ya mshikio, maana ute unajificha humo na mkono haufiki. Wengi hutumia mchanga wa pwani. Mimi siutaki: unakwaruza, na safari ijayo ute unashika kwenye ile mikwaruzo. Suuza, kisha chukua dawa ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, ile yenye klorini asilimia 3.5. Vijiko viwili vya chakula kwa dumu la lita 20, jaza maji mpaka juu, funga, lilaze ili shingo na kifuniko navyo vipate dawa. Liache kwa muda wa saa nne, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Hiyo ni ya kuoshea chombo tu, hainywewi.

Ya kunywa ni ile dawa ya kutibia maji inayouzwa maduka ya dawa. Fuata kipimo cha kwenye chupa au pakiti, usikisie. Ngoja nusu saa. Kiharufu chepesi kikibaki ni vizuri, maana yake dawa bado inalinda maji. Anayekereka amimine maji kutoka sufuria hii kwenda ile mara kadhaa, harufu itapungua.

Sisi tulikuwa na mtungi pia. Mtungi mkavu unapinduliwa juu ya chetezo cha ubani, ndipo unatiwa maji. Ladha yake sijaipata kwenye plastiki yoyote. Lakini ubani ni wa harufu, hauui vijidudu.

Muuguzi, Tanga

Mzee amemaliza kazi, naongeza machache. Usichanganye klorini na siki wala ndimu katika kuosha, hutoa hewa ya sumu. Dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya wadudu lisiguswe kwa maji ya kunywa, hata lioshwe vipi. Na acheni kuchota kwa kikombe: mkono uliotoka kwenye samaki ukiingia ndani, kazi yote imepotea. Weka dumu moja lenye koki. Klorini haitoi chumvi, kwa hiyo visima hivyo viwe vya kuoshea tu. Bebeni na pakiti za chumvichumvi (ORS) za kumnywesha anayeharisha, huko zahanati iko mbali.

Mvuvi wa Kivinje

Shukrani sana wazee wangu. Na mafuta ya kula yaliyoganda ndani je? Nahisi ndiyo yanayochachua ladha.

Baharia mstaafu, Unguja

Ndiyo hayo. Mafuta yatoke kabla ya klorini, vinginevyo dawa inaishia kwenye uchafu. Tumia maji ya moto na sabuni, ila yasiwe ya kuchemka, dumu litajikunja. Rudia mpaka maji ya kusuuzia yasiwe na utando juu. Kisha loweka usiku kucha na vijiko vichache vya magadi ya kuokea. Kukicha fungua, nusa. Likinuka bado, lifanye la kuoshea vyombo, nunua jingine.