Mliowagomea mafundi wa mita janja hapa Mwanza, tupeane uzoefu

Mjukuu wa Isamilo
Wakuu, habari za jioni. Leo wamepita mtaani kwetu vijana na ngazi yao, wamebeba mita mpya kwenye maboksi. Wanasema za zamani zote zinatolewa, zinakuja hizi janja: ukinunua umeme unaingia wenyewe, huhangaiki kubonyeza tarakimu 20 kwenye rimoti, na ofisini wanaiona mita yako wakiwa wamekaa. Majirani wamefungua mageti. Bibi yangu akawaambia, "Wajukuu zangu, maji ya kunywa nitawapa, mita yangu hamuigusi." Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, akabembeleza weee, bibi hakutikisika.

Mimi niko upande wa bibi na sifichi. Yuko kwenye ile tarifu (bei ya umeme) ya chini, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Anatoa 9,150, anapata taa, redio na friji ndogo ya dawa zake za sukari. Wakimhamishia kwenye 356 kwa uniti, hizo hizo 75 zinakaribia 27,000, na kodi ya jengo 1,500 bado inakatwa humo humo kila mwezi. Nani atamlipia? Mliowahi kugoma, au mliogoma halafu mkakubali, ilikuwaje?

Sato Mbichi
Niligoma na bado nagoma. Mita yangu haijawahi kunikosea kitu.

Mayu Nansio
Umenitonesha. Mimi niko Ukerewe, nauza samaki wa kugandisha. Nilikuwa nimevuka kuja Mwanza kumuuguza mdogo wangu, nikanunua umeme mwingi makusudi ili friza lisizime nikiwa safarini. Narudi nakuta mita ngeni ukutani. Kijana wangu wa dukani ndiye aliyewafungulia, akasaini karatasi ambayo hakuisoma. Uniti zangu zote zimeondoka na mita ya zamani. Mpya ilikuwa na uniti chache za kuanzia, zikaisha usiku, na kijana hakujua kwamba namba ya mita imebadilika, ananunua kwa namba ile ile ya zamani, haikubali. Sangara wote wakaoza. Nimeufungua mlango wa lile friza nikakaa chini nikalia, kwa sababu nusu ya mzigo ule haukuwa wangu, nilikuwa nimekopeshwa na wavuvi.

Uniti nilirudishiwa baada ya kuzungushwa sana, mara andika barua, mara lete ile karatasi iliyosainiwa. Samaki hakuna aliyenilipa. Bibi asiwe peke yake siku hiyo, basi.

Kijana wa Pasiansi
Pole sana mayu. Inauma.

Fundi Waya Igoma
Pole mayu. Wengine sikilizeni. Kabla hawajakata waya hata mmoja, onesha salio kwenye rimoti, piga picha salio na namba ya mita vyote vionekane, kisha salio hilo liandikwe kwenye fomu mbele yako. Namba ya mita mpya iandike ukutani kwa kalamu nene, kila aliyemo ndani aione.

Mjukuu, tarifu haikai kwenye lile boksi la ukutani. Inafuata akaunti na matumizi. Bibi akibaki ndani ya 75 hakuna sababu ya kumhamisha. Risiti ya kwanza ikija na bei ya juu, nenda na risiti zake za zamani, usiende na maneno matupu. Wakikuzungusha, kuna EWURA, ile mamlaka inayosimamia huduma za umeme na maji.

Na kugoma tu kimya kimya hakusaidii. Mnakumbuka Novemba 2024, mita za zamani zilipoboreshwa mfumo? Ilibidi kuingiza namba mbili za tarakimu 20 ndipo ya tatu, ile ya umeme wenyewe, ikubali. Walioahirisha mpaka tarehe 24 ikapita, mita ziliwagomea wao.

Sato Mbichi
Fundi, wewe kila mita mpya ni hela kwako. Lazima useme hivyo.

Fundi Waya Igoma
Ngosha, mimi natandaza waya wa ndani ya nyumba. Mita siruhusiwi hata kufungua mfuniko wake. Anayekuja kwako akasema yeye anaweza, huyo ni kishoka, fundi wa kujipachika, mfukuze.

Anti wa Kirumba
Na mionzi? Mita yetu iko nyuma ya ukuta wa chumba cha watoto. Mume wangu amekataa kwa ajili hiyo na mimi nimemuunga mkono.

Mpangaji wa Mabatini
Nimesoma mpaka hapo nimeshindwa kunyamaza.

Tulikuwa tumepanga Mabatini, juu huko kwenye mawe, vyumba kwenye korido moja, mita moja ya wapangaji. Mwenye nyumba anakaa nyumba kubwa ya nyuma, ana mita yake. Mzee wa heshima zake, ukiishiwa maji anakupa, msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kufika. Tulikuwa tunachanga hela ya LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, kila chumba sawa, na kila mara uniti zinaisha kabla ya wakati. Mnajua inavyokuwa kwenye korido. Lawama zikamwangukia mama mmoja wa chumba cha mwisho, mjane, anachoma maandazi ya asubuhi. Kwamba usiku anajifungia na jiko la umeme. Watu waliingia chumbani kwake, wakakuta jiko la mkaa na hita moja ya kuchemshia maji ya mtoto, wakaichukua. Mchango wake ukapandishwa mara mbili ya wetu. Alilipa. Alikuwa anaamka usiku kuwasha mkaa ili asisemwe.

Vijana wa mita walipokuja, mzee akakataa kabisa. Akasema zinakula umeme, akasema mionzi, akasema nyumba yake haiguswi. Nasi tukasimama naye mlangoni, yeye ni mzazi wetu. Wakaondoka, wakarudi na mwenyekiti na barua. Safari hiyo mzee hakuwa na la kusema.

Basi wakazima mita yetu, ya wapangaji peke yake. Ile ya nyumba kubwa hakuna aliyeigusa. Dakika hiyo hiyo mama mwenye nyumba anatoka huko nyuma na upawa mkononi: "Baba Fulani, mbona umeme umekatika? Pampu imezima na friza limezima!"

Korido nzima ilikaa kimya. Fundi akaufuata waya kutoka kwenye mita yetu, ukaingia kwenye bomba, ukapita chini ya sakafu ya bafu, ukatokea nyumba kubwa. Pampu, friza, chumba cha kupasia. Miaka yote tuliyokaa pale tulikuwa tunamlipia.

Mzee akasema, "Nyumba ni yangu, waya ni wangu." Yule mama wa maandazi hakumjibu yeye. Alitugeukia sisi, akatutaja mmoja mmoja kwa majina ya watoto wetu, Mama Fulani, Baba Fulani, akauliza hita yake iko wapi.

Mayu Nansio
Mungu wangu. Hita alirudishiwa?

Kijana wa Pasiansi
Na hela zake alizozidishiwa je? Hilo ndilo la kujibu.

Mpangaji wa Mabatini
Hita ilikuwa imeshauzwa. Tulichanga tukamnunulia nyingine. Hela mzee alikubali kuzikata kwenye kodi, tena mbele ya mwenyekiti, kwa maandishi. Mama yule alihamia Igoma kabla hazijaisha.

Baba Mwenye Nyumba Buhongwa
Msitupake matope wote. Mimi nina wapangaji, kila chumba nimekifungia mita yake ndogo kwa hela yangu, na bado kuna mtu aliunga waya kwenye taa ya choo ili achaji betri za bodaboda. Wapangaji nao wezi. Na huyo mzee mkataba ulisemaje? Labda maji ya pampu mlikuwa mnakunywa wote.

Anti wa Kirumba
Baba, friza nalo walikuwa wanakunywa?

Baba Mwenye Nyumba Buhongwa
Nimezungumzia pampu.

Mpangaji wa Mabatini
Ya maji tulilipa kwa ndoo. Usimtetee usiyemjua.

Sista wa Zamu
Anti wa Kirumba, swali lako limepitwa. Mita hizi zinatuma taarifa kwa mawimbi ya redio, kama simu inavyofanya, na simu tunalala nayo kichwani. Ile mionzi ya eksirei ni kitu tofauti. Watoto watalala salama.

Anti wa Kirumba
Asante dada. Mume wangu amesoma, anasema simu yeye huizima usiku. Lakini angalau hajasema hapana.

Chumba na Sebule Nyakato
Fundi, mtu anajuaje kama mita yake inalisha nyumba nyingine? Mimi na mke wangu tuna taa na televisheni tu, 10,000 haifiki nusu mwezi.

Fundi Waya Igoma
Zima meni swichi yako, halafu angalia ile taa nyekundu ndogo ya mita. Inapepesa kadri umeme unavyotumika. Meni imezimwa na bado inapepesa, kuna waya umechukuliwa kabla ya meni. Ikitulia, washa meni, chomoa vyote, zima taa zote, angalia tena. Ikipepesa hapo, kuna waya mwingine unaoanzia baada ya meni, au waya wa ndani unavujisha. Mita janja nyingi zinaulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, visipolingana zinagundua, ndiyo maana nyumba zenye waya za kuungaunga zinaziogopa.

Chumba na Sebule Nyakato
Nimezima meni. Inapepesa. Mwenye nyumba yuko ndani anaangalia mpira. Nifanye nini?

Sato Mbichi
Kagonge mlango sasa hivi.

Baba Mwenye Nyumba Buhongwa
Usigonge usiku, mtavunjiana heshima. Asubuhi, mwite pembeni, mweleze kama mtoto kwa baba.

Kijana wa Pasiansi
Hama.

Fundi Waya Igoma
Rekodi video ya hiyo taa, namba ya mita ionekane. Waya usiuguse. Kesho nenda kwa mjumbe kwanza, muende naye mkiwa wawili.